Binti wa Subiri

Mwanangu Hodan,

Watu wakianza barua huuliza hali. Mimi sina haja ya kuuliza, nakuona dirishani. Uko uani, umekalia mtungi wa maziwa ambao nimekukataza kuukalia tangu ulipojifunza kukaa, na unasugua viatu vya kazi ambavyo havijakanyaga hata vumbi. Wewe ni mzima kabisa. Mwenye shida ni mimi, niliyelazimika kutuma mtu dukani aniletee karatasi ili niongee na binti yangu aliye hapo nje ya jikoni.

Kwa mdomo nimejaribu. Juzi nilisema, "Hodan, kuhusu hiyo barabara ya Sericho," ukasema, "Hooyo, usianze." Jana nilisema "Hodan" peke yake, jina nililokupa mimi mwenyewe, ukasema, "Hooyo, najua." Hujui. Hukuwa hata umesikia nataka kusema nini, lakini tayari ulikuwa unajua. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haikatizwi. Kesho ukishaondoka kwenye usukani wa lile lori la maji la mradi, utaisoma Garbatulla mkisimama kunywa chai, au utaisoma Sericho kwa shangazi yako, na popote utakapoisomea hutaweza kunijibu papo hapo. Hilo peke yake limenipa raha kidogo.

Mambo ya kula, kuswali, kufua na nani wa kukaa naye na nani wa kumkwepa, sitayagusa. Shangazi yako ana mdomo mpana kuliko wangu na atayamaliza yote kabla hujafungua begi. Mimi nataka kuzungumza juu ya lile neno.

Unalijua neno ninalosema. Siku uliporudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi uliingia hapa ukicheka, hata salamu hukutoa, ukasema walikuuliza ujieleze kwa neno moja na wewe ukawajibu kwa Kiingereza, "Bold." Ukalitamka kwa kifua. Nikakuuliza hilo ni kitu gani. Ukasema ni mtu asiyeogopa. Nikakuuliza tena, ni hivyo tu? Kwa sababu nimekaa na maneno ya Kiingereza ya ofisi kwa muda mrefu na najua hayaji peke yake. Ukachoka na mimi, ukachukua simu, ukaanza kunisomea maana zake kwa Kiswahili kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu mtihani. Jasiri. Shujaa. Shupavu. Mwenye uthubutu. Kila neno ulikuwa unanyoosha shingo zaidi. Halafu ukanyamaza.

Nikasema, "Endelea, bado naona maandishi."

Ukasema, "Hayo mengine si muhimu."

Nikakunyang'anya simu, nikavaa miwani yangu, nikasoma mwenyewe. Mjuvi. Safihi. Mfidhuli. Asiye na haya. Ukasema, "Hizo si zangu, Hooyo." Nikacheka hadi nikakohoa. Hodan, hizo zote ni zako. Mimi ndiye niliyekulea, na hakuna hata moja kwenye ile simu ambayo hujawahi kuileta ndani ya nyumba hii.

Tangu siku hiyo neno lenyewe limenikaa kooni. Majirani nao wakaanza kukusifu, kila mtu kwa lugha yake. Dada za Aabo, baba yako huyo, wanakuita geesi, yaani shujaa. Yule jirani yetu Mborana anasema wewe ni goota, na anapiga mkono wake kifuani akisema hivyo. Mama Kendi wa mboga, ambaye hata kwa Kimeru hasifu mtu bure, aliniambia juu ya meza ya nyanya, "Huyu msichana yako ako na roho ngumu, kuendesha boza ya maji mpaka Sericho." Mimi nikaitikia, nikashukuru, nikalipa nyanya, nikarudi nyumbani na hasira. Mtu akishasifiwa na mji mzima kwa kutoogopa, siku akiogopa atamwambia nani?

Ngoja nikukumbushe siku ya laga, huu mto wetu wa mchanga. Ulikuwa msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Hapa kwetu hapakuwa na wingu hata moja, vumbi tupu, lakini juu kwenye milima ya Nyambene mvua ilikuwa imenyesha, na habari ikafika mjini kwamba maji yanakuja. Unajua tulivyo. Laga ikileta maji baada ya kiangazi kirefu hakuna anayebaki nyumbani, hata wenye maduka wanafunga. Tulikuwa tumejipanga kando, na watoto wakubwa wako kwenye mchanga wanangoja ule ulimi wa kwanza wa maji, ule unaokuja na povu na matawi na makopo, ili wakimbie mbele yake. Huo ni mchezo wa wavulana wakubwa na hata wao hupigwa wakirudi. Nilipotazama nikakuona katikati yao na gauni lako la shule.

Wote walikimbia. Wewe pia ulikimbia, na ulikuwa na mbio, sikatai. Lakini wenzako walipotoka kando, wewe ulisimama. Uligeuka kututazama sisi tuliokuwa juu ya ukingo uone kama tunakuona. Maji yako nyuma yako, na wewe unahesabu watazamaji. Nimeyafikiria macho yako ya siku ile mara nyingi kuliko ninavyofikiria harusi yangu. Si kwamba hukuwa unaogopa. Ulikuwa unatetemeka midomo. Ila kulikuwa na watu, na watu walikuwa wanashangilia, ukaona aibu kutoka.

Aabo wako ndiye aliyeruka akakutoa, akakushika kwa gauni, na kiatu chake kimoja kikaenda na maji mpaka leo. Jioni mtaa mzima ulikuwa unasema Hodan ni shujaa. Aliyeruka hakuna aliyemtaja. Mimi nilikupiga, kisha nikakupikia anjera kwa maziwa kwa sababu mkono uliniuma kuliko ulivyokuuma wewe.

Sasa usikimbilie kusema Hooyo amekuwa hivi tangu zamani, anapenda watoto waoga. Sipendi waoga. Na hata ule ujuvi wako umewahi kunifaa, nasema hivi kwa karatasi kwa sababu kwa mdomo sitasema. Unakumbuka yule mzee aliyekuwa ananiletea maziwa ya ngamia kutoka upande wa Kulamawe, mkwe wa binamu yangu. Wateja wangu wa Nairobi walikuwa wananipigia simu kila siku wakilalamika maziwa ni mepesi. Mimi nilijua. Kila mama aliye pale sokoni alijua, tunayaonja kila asubuhi, ulimi hauna undugu. Lakini mzee anaketi, anauliza watoto, anauliza mgongo wa mume wangu, na mimi namimina maziwa yake kwenye mitungi yangu pamoja na maji yake, kwa sababu ya haya.

Ukaja siku moja kunisaidia, uko kidato cha pili, ukaonja, ukasema mbele ya soko lote, "Mzee, haya ni maziwa ama ni ya kuosha mtungi?" Nilitaka ardhi inimeze. Nikakufukuza, nikamwomba mzee radhi, nikanunua maziwa yake siku hiyo na siku nyingine nyingi zilizofuata ili aone sina neno. Yeye hakuaibika hata kidogo, mwenye kuaibika nilikuwa mimi. Wateja wawili wakahama. Wewe ulikuwa umesema kweli na mimi nikalipia heshima yangu kwa biashara. Baadaye nikajifunza kusema, "Leo sichukui," kwa sauti ya chini, bila tusi, na mzee akaelewa, hata akacheka. Nilijifunza kwako, ingawa uliposemea wewe palikuwa pabaya sana. Kwa hiyo lile la "asiye na haya" siwezi kulifuta lote. Kidogo chake kingenifaa mapema.

Haya, tuje kwa jana.

Watu walikuja kukuaga, nikafurahi, nikapika. Madereva wa zamani waliofanya kazi na Aabo wako pia walikuja, na Guyo wa malori ya mbuzi, ambaye hawezi kukaa mahali bila kuchokoza mtu, akakuuliza huku akimumunya tende, "Sasa binti wa Subiri, hayo maji utafikisha Sericho ama na wewe utasubiri?" Watu wakacheka. Ni mzaha wa miaka mingi juu ya jina wanalomwita Aabo, na hata yeye alicheka. Ungecheka tu yangeisha. Lakini wewe ulisimama, Hodan. Ukasema, "Mimi si mtu wa kungoja laga. Mtaona."

Wakacheka tena, wakakupigia makofi. Mimi nilikuwa namtazama Aabo wako. Aliinua kikombe akakuta kitupu, na bado akakiweka mdomoni akawa kama anakunywa. Hukuona, ulikuwa unatazama waliopiga makofi.

Nimekasirika tangu jana na sijapoa. Nimekasirika na Guyo, nimekasirika na wewe, nimekasirika na lile neno lenu la Kiingereza. Unajua jina la Subiri lilitoka wapi? Unafikiri unajua. Ulipigana shuleni kwa ajili yake, ulimng'oa mtoto wa watu kifungo cha shati, lakini hukuwahi kumuuliza mwenyewe. Basi mimi nitakwambia, na nitakwambia vile ilivyokuwa, bila kutia chumvi, kwa sababu hadithi hii haina chumvi.

Aabo wako alikuwa akiendesha lori la bidhaa la bwana mmoja wa hapa mjini, njia hii hii ya Sericho utakayoipita wewe kesho. Mzigo ulikuwa unga na sukari chini, nyanya juu, na juu ya nyanya abiria, akina mama na watoto wao na mbuzi wao, kama kawaida. Walipofika kwenye ile laga kubwa baada ya Garbatulla wakakuta maji yanapita. Hayakuwa mengi sana. Hilo ndilo jambo lenyewe, hayakuwa mengi sana. Tanboi, utingo wake, akaingia kupima, yakamfika juu ya goti, akarudi akasema tunapita. Aabo akayatazama, akasema tusubiri.

Wakasubiri. Jua likawa kali. Watu wa juu wakaanza. Unajua watu wa juu wanavyokuwa, wamechoka, watoto wanalia, kila mmoja ni dereva. "Vuka bwana, hiyo maji ni ya kuoga watoto." "Leo tumebebwa na mwanamke." Mambo ya namna hiyo na mengine ambayo siwezi kuandika. Lori la pili likafika nyuma yao, dereva akatoa kichwa dirishani, akatazama, akapiga honi, akampita Aabo wako, akaingia majini na akatoka ng'ambo. Hata hakuyumba. Abiria wengine walishuka kwa Aabo, wakavuka kwa miguu wakiwa wameshikana mikono, wakapanda lile lililotangulia.

Na hapo, Hodan, ndipo wewe unangoja nikwambie kwamba maji yalipanda ghafla na yule mwingine akasombwa. Hakusombwa. Walifika Sericho salama, wakanywa chai, wakasema habari. Aabo alilala pale, akalala tena, akavuka mchanga ulipokauka, na nyanya zikawa zimeoza zote. Mwenye mali alimtukana. Mimi pia nilimuuliza maswali ambayo mke hafai kumuuliza mume mlango ukiwa wazi. Alinijibu neno moja tu, akiwa anavua viatu, "Nilikuwa na watu juu." Akaenda kuoga. Hajaongeza kitu juu ya hilo mpaka leo, na jina likaanza hapo, na ameitikia kila anapoitwa.

Mimi nilichukua muda mrefu kumwelewa, na sitakudanganya kwamba nilimwelewa kwa sababu ya busara. Nilimwelewa kwa kuchoka. Kila msimu wa mvua wanawake wenzangu sokoni wanakaa na simu mkononi, kila mlio wanaruka. Mimi sikuwahi kuruka. Nilikuwa najua kama maji yapo, mume wangu yuko upande huu wa maji. Nililala usingizi wangu wote, miaka yote ile, na nilidhani ni kwa sababu nina moyo mgumu.

Nimetafuta kwenye yale maneno ya simu yako. Jana, baada ya wageni kuondoka, nilichukua simu yako ukiwa unaoga, usiniulize. Nimetafuta neno la mtu anayekaa kwenye kiti cha dereva, gari limezimwa, watu wa juu wanamtukana, wengine wanampita, na yeye hateremki na havuki. Hilo halipo. Jasiri halimtoshi, kwa sababu kila mtu aliyekuwepo angeapa kwamba ni mwoga. Shupavu labda, lakini shupavu unalisema ukiwa unamsifu mtu, na pale hakuna aliyemsifu. Nikaona basi, maana zote walizoandika ni za mtu anayetazamwa. Yeye alikuwa anatazamwa pia, lakini kwa jicho lingine, na hilo jicho ni zito zaidi. Wewe binti yangu maji ya laga uliyaweza. Lile jicho bado hujajaribiwa nalo hata mara moja.

Na utajaribiwa, tena vibaya kuliko yeye. Yeye alikuwa dereva mmoja kati ya wengi. Wewe ni msichana. Ukisimama kando ya laga watasema si tuliwaambia, na ukivuka watasema ni goota. Na mzigo wako si nyanya. Huko ng'ambo kutakuwa na watu wenye kiu ya kweli, wamepanga mitungi tangu alfajiri, watakupigia simu na watakuwa na haki ya kupiga. Sina jibu zuri la hilo. Najua tu kwamba lori ni hilo moja, na ukilizamisha watakosa maji ya siku hiyo na ya siku zote zitakazofuata, na mimi nitakukosa wewe. Na yeye, yule anayekunywa kwenye kikombe kitupu, atasema ni kwa ajili ya jina lake. Hatasema kwa sauti. Ataenda kuoga.

Leo mchana nilidhani Mungu amenirahisishia kazi. Yule afisa wa mradi wa maji alipokuja kuleta koti lako na ufunguo, ulikuwepo, ulikaa pale mkekani, kwa hiyo najua ulisikia ingawa ulijifanya unajaribu zipu. Aabo alimuuliza kwa adabu tu, kama mzazi, walimwonaje binti yake siku ya mahojiano. Yule kijana akacheka. Akasema, "Mzee, ukweli ni kwamba hiyo neno yake ilikuwa imharibie. Dereva wetu wa kwanza pia alikuwa bold. Gari yake bado iko kwa laga, mchanga imefika dirisha."

Zipu ikasimama.

Kisha akaeleza. Kwamba kwenye kamati kulikuwa na mama mmoja wa Sericho, mwenyekiti wa kisima, ambaye hakusema neno muda wote. Walipotaka kukuacha na kumchukua mwingine, akauliza huyu msichana ni wa nani. Wakamtajia jina la Aabo, hakulijua. Mmoja akamwambia ni yule wanamwita Subiri. Yule mama akasema, na afisa alimwiga hata sauti, "Mimi nilikuwa juu ya hiyo lori na mtoto kwa mapaja. Nilimtukana huyo mzee mpaka sauti ikaisha. Kama huyu ni msichana wake, mpeni gari."

Aabo alimuuliza kijana kama ataongeza chai. Wewe ulikunja koti, ukatoka nje na viatu vyako, na tangu saa hiyo hujaniambia hata usianze. Sijui unafikiri nini. Umekuwa ukisugua kiatu kile kile, Hodan, kitatoboka.

Nilikuwa nataka kukuomba jambo. Nimezunguka laga na maziwa na nyanya ili nifike hapa, na kalamu imeanza kukwaruza. Nilikuwa nataka kukuomba, na kwa ajili ya hilo ningekupa barua hii usiku huu badala ya kesho, kabla hujaondoka uende kwa Aabo wako useme kitu. Usimwombe radhi kwa maneno makubwa, atakimbia, unamjua. Kitu chochote, ili lile la jana lisiwe ndilo la mwisho alilosikia kutoka kwako ukiwa chini ya paa lake. Nilikuwa natafuta namna ya kuliandika ili usione nakuamrisha, kwa sababu nikikuamrisha hutaenda, umeanza hivyo tangu tumboni.

Sasa nimeinua macho na wewe hupo kwenye mtungi.

Uko kule ukutani alipokaa Aabo wako. Umempelekea chai, na umemimina kwenye kikombe changu kizuri, sawa. Umechuchumaa. Nimefungua dirisha zaidi, ndiyo, nasikiliza, ni nyumba yangu.

Umesema, "Aabo, siku ile walipokuwa wanakupigia kelele, uliwaambia nini?"

Amesema, "Sikuwaambia kitu. Nilizima gari."

"Na hawakunyamaza."

"Hawakunyamaza."

Kisha umeuliza kile ambacho mimi, mke wake, sijawahi kumuuliza miaka yote hii. Umesema, "Uliogopa?"

Amepuliza chai. Amesema, "Sana."

Na wewe umesema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu meno yako ya mbele yalipong'oka, "Hata mimi."

Nimeandika karatasi zote hizi, Hodan, mkono unaniuma, maharagwe yameungua, na wewe umekwenda ukamaliza kwa maneno mawili. Hivi ndivyo umenifanyia maisha yako yote. Huwezi kumwacha mtu akafika mwisho wa jambo lake.

Sasa unamuuliza anajuaje kama maji yanapanda au yanashuka, na yeye ameangaza huku na huku, amevuta ufagio wangu wa uani, anachomoa kijiti anakichomeka mchangani akuonyeshe maji yanapofika. Anachomoa kingine. Unasogea karibu, goti lako liko juu ya kanzu yake na hajali.

Ule ufagio niliununua juzi. Uvunjeni wote.

Mimi mama yako,
Hooyo